Geji za kuongeza kwenye Datsun 240Z: ipi inastahimili Mombasa

Kwa mwenye Datsun 240Z, gari la michezo la Nissan la miaka ya 1970, anayeishi pwani, jibu letu ni geji tatu za umeme za chapa ya VDO za milimita 52: presha ya oili, joto la maji na volti. Tatu zatosha. Za Auto Meter ni nzuri pia, ila zinataka uangalifu wakati wa kununua, na tutaona kwa nini. Geji ya presha ya mrija, ile inayoleta oili yenyewe hadi mbele ya dereva, tunaiheshimu lakini hatuipendekezi. Seti zisizo na jina la maana, zinazouzwa zikiwa zimefungwa pamoja na paneli yake kwenye kadibodi moja, ni hasara: kioo chake hupata ukungu ndani mvua za masika zikianza tu, na sensa zake husoma zinavyotaka.

Nissan hawakubania geji walipolitengeneza gari hili. Mita ya kasi na mita ya mizunguko ziko mbele ya dereva, na katikati ya dashibodi kuna tundu tatu: moja ina presha ya oili na joto la maji, ya pili ina ampea na mafuta, ya tatu ni saa. (Ukikuta saa ya 240Z bado inatembea, mpigie mwenye gari makofi.) Gari hili lilishinda mbio za Safari mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews, kwa hiyo hakuna anayelitilia shaka. Shida ni umri. Sensa zimechoka, nyaya zimekula chumvi, na mshale unaotetema hausemi kitu unapokwama kwenye foleni ya feri Likoni, feni ikisukuma hewa ya moto na jua likiwa utosini.

Geji ya ampea ndiyo sababu kubwa ya kazi hii. Kwenye 240Z mkondo wa chaji na wa matumizi ya gari hupita ndani ya geji yenyewe, kwa nyaya mbili nene zinazokuja mpaka nyuma ya dashibodi. Geji hiyo inaishia ampea 45 kila upande. Wengi hapa wameshaweka altaneta ya ampea 60 yenye regyuleta ya ndani, ile ya 280ZX (gari la Nissan lililokuja baadaye), au nyingine yenye nguvu zaidi, kisha wakaongeza feni ya umeme na taa kali. Umeme wote huo bado unapita kwenye bolti mbili ndogo zilizozeeka. Bolti ikilegea, kiungo hupata joto, joto huongeza ukinzani, ukinzani huongeza joto. Ukisikia harufu ya plastiki karibu na redio, zima gari, usiulize.

Lakini usiing'oe ukaiacha wazi. Nyaya zile mbili zikiachana, sehemu kubwa ya gari hukosa umeme. Toa kwanza waya wa hasi wa betri. Toa sanduku la dashibodi upande wa abiria na redio ili mkono ufike nyuma. Fungua nyaya mbili za ampea, safisha pete zake kwa msasa mwembamba mpaka shaba ing'ae, ziunganishe kwa bolti moja ya shaba nyeupe yenye washa ya meno, kaza, kisha funika kwa mpira mnene wa kusinyaa kwa joto, tabaka mbili. Tepu pekee haitoshi, maana gundi yake huyeyuka kwa joto la dashibodi la hapa. Geji ya zamani iache palepale, kwa sababu nusu yake ni geji ya mafuta na bado unaihitaji. Mshale wa ampea utakaa katikati, nao hauna madhara.

Voltimita ndiyo inayochukua kazi hiyo, na mahali pake pazuri ni tundu la saa. Tundu la asili ni kubwa kuliko milimita 52, kwa hiyo fundi wa mashine akuchongee pete ya alumini au plastiki ngumu nyeusi. Usikate dashibodi. Dashibodi ya 240Z ni sponji iliyofunikwa ngozi ya plastiki, hupasuka kwa jua hata bila kuguswa, na isiyo na ufa ina thamani kuliko geji zote unazotaka kuweka. Geji mbili zilizobaki zikae kwenye paneli ndogo ya alumini ya milimita 2 chini ya dashibodi, iliyoshikwa kwa skrubu zilizopo. Siku ukiuza gari, unaitoa.

Sasa sensa, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Geji ya umeme ya kawaida haipimi presha wala joto, inapima ukinzani wa sensa. Sensa ya presha ya VDO huanza na ukinzani wa omu 10 kwenye sifuri na kupanda hadi karibu 180 mwisho wa kipimo. Sensa nyingi za Kimarekani, zikiwemo za Auto Meter za mshale mfupi, huenda kinyume: omu 240 kwenye sifuri, zikishuka hadi 33. Ukichukua geji ya kabila moja na sensa ya kabila jingine, injini ikizimika mshale unapanda, ukikanyaga unashuka. Duka la spea litakuambia sensa ni sensa. Si kweli. Na hata ndani ya VDO, geji ya ba 5 (ba ni kipimo cha presha) inataka sensa ya ba 5, ya ba 10 inataka ya ba 10. Sisi tungechukua ya ba 10, kwa sababu oili baridi asubuhi inaweza kupita 5, ingawa utakubali mshale uishi nusu ya chini.

Baadhi ya sensa za VDO zina vichwa viwili vya kuungia waya. Kilichoandikwa G ni cha geji, kilichoandikwa WK ni cha taa ya onyo. Ukivibadilisha, geji haitasoma. Tunashauri taa hiyo uiunge, tena iwe nyekundu na kubwa, maana dereva anayepanda kutoka Miritini kwenda Mazeras nyuma ya lori la makontena hatazami mshale kila sekunde.

Thredi nazo zina ujanja wake. Tundu la sensa ya oili kwenye L24, injini ya 240Z, upande wa kulia wa bloku karibu na filta, ni BSPT (thredi ya Kiingereza) ya inchi 1/8, nyuzi 28 kwa inchi. Sensa za Kimarekani ni NPT (thredi ya kwao) ya 1/8, nyuzi 27. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba sensa huingia mizunguko ya mwanzo bila ubishi, halafu inakataa, na fundi mwenye haraka anaongeza spana. Matokeo ni oili inayovuja, au thredi ya bloku iliyoharibika. Sensa ya VDO hupatikana kwa NPT ya 1/8 au kwa M10x1 (thredi ya milimita), kwa hiyo kwa vyovyote vile utahitaji adapta ya BSPT.

Usiifunge sensa ya VDO moja kwa moja kwenye bloku juu ya kiungo cha T cha shaba. Ni kopo zito, na mtikisiko wa injini unakata shingo ya kiungo kama mtu anavyokata kijiti kwa kukikunja huku na huku. Ikikatika, oili inatoka kwa presha yote. Tumia mpira mfupi wa oili wenye waya wa kusuka, mafundi wa mipira ya haidroli wanaohudumia malori ya Changamwe wanautengeneza kwa kipimo, na sensa uishike kwa kibano kwenye madigadi ya ndani. Ukifanya hivyo kumbuka kuwa sensa ya kichwa kimoja hupata ethi (njia ya kurudi hasi ya betri) kupitia mwili wake. Mpe kibano waya wa ethi mpaka kwenye bloku, au nunua sensa yenye ethi ya kujitegemea. Kwa sababu hiyohiyo, sensa yoyote inayofungwa kwenye injini usiizungushie tepu ya mabomba nyingi. Tone la gundi ya thredi linatosha.

Sensa ya joto ni rahisi. Ya VDO ya nyuzi joto 120 ina takriban omu 290 kwenye nyuzi 40 na takriban 22 kwenye 120. Iweke kwenye nyumba ya themostati, si kwenye mpira wa radieta uliokatwa na kutiwa bomba la katikati, maana bomba hilo limezungukwa na mpira pande zote na halina ethi mpaka ulipe waya. Kwa themostati ya 82, gari likitembea mshale utulie juu kidogo ya hapo. Kwenye foleni utapanda. Mfuniko wa radieta ukishika ba 0.9, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 118, kwa hiyo 100 si msiba. Mfuniko uliochoka ndio msiba. Na ujue kwamba sensa isiyoguswa na maji haisomi ukweli: maji yakipungua, inaning'inia kwenye mvuke na mshale unaweza kukaa chini wakati injini inaungua. Mshale ukishuka ghafla mlimani, simama.

Umeme wa geji usiutoe kwenye sanduku la fyuzi la zamani. Vishikizo vyake hupata joto na kulegea, na voltimita itakusomea 12.9 wakati betri inapata 13.9, kisha utanunua altaneta usiyoihitaji. Leta waya mpya kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 5 karibu na betri, uingie kwenye rileyi inayoamshwa na swichi ya ufunguo, kisha ugawe kwa geji zote. Waya wa milimita mraba 1 unatosha. Ethi za geji zote zikutane kwenye pete moja, kwenye bodi iliyokwanguliwa rangi hadi chuma, kisha ipakwe grisi. Geji zote tatu zikicheza pamoja unapowasha taa, kosa ni hiyo ethi, usiguse sensa.

Kuhusu waya wenyewe, nunua ule wa boti, wenye shaba iliyopakwa bati. Wanaohudumia boti Mtwapa wanaujua. Shaba tupu hapa hugeuka kijani ndani ya ngozi yake hata mahali usipopaona. Viungo vibanwe kwa koleo la kubania, si kwa plaisi, na vifunikwe mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Kazi hii ya mwisho ndiyo inayotofautisha geji itakayodumu na itakayoanza kucheza kabla ya mwaka kuisha, kuliko jina lililoandikwa kwenye uso wake.

Kabla ya kufunga dashibodi, jaribu. Ufunguo ukiwa umewashwa, toa waya kwenye sensa ya presha ya VDO: mshale upande mpaka mwisho. Ugusishe kwenye ethi: ushuke sifuri. Kwa joto ni kinyume, ukiwa wazi husoma baridi, ukigusa ethi husoma moto kabisa. Usiuache umegusa ethi kwa muda mrefu. Geji ikitii hapa lakini ikisoma vibaya waya ukiwa kwenye sensa, sensa ndiyo mbovu. Isipotii, tafuta waya. Voltimita isome karibu 12.6 injini ikiwa imezimwa na betri ikiwa imejaa, na 13.8 hadi 14.4 injini ikizunguka. Presha ya oili, kwa kanuni ya mafundi, ni karibu ba 0.7 kwa kila mizunguko 1000, injini ikiwa moto.

Mita ya mizunguko iache ya asili kama inafanya kazi. Kama lazima uibadilishe, kumbuka kuwa ya 240Z imepitisha ndani yake umeme unaokwenda koili. Ukiitoa bila kuunganisha nyaya hizo mbili, gari haliwaki, na fundi atashinda siku nzima kwenye distributa. Mita mpya inachukua ishara kwenye hasi ya koili, na nyuma yake kuna swichi ya idadi ya silinda. Iweke 6. Ikibaki 8, mizunguko 4000 itasoma 3000, na utaipita alama nyekundu ya 7000 ukidhani bado una nafasi. Wenye sanduku la CDI (mfumo wa kuwasha cheche kwa kapasita) wachukue ishara kwenye tundu la mita la sanduku hilo, si kwenye koili, kwa sababu volti za huko ni mamia na zitaunguza mita.

Mita za kasi za GPS, kama za Speedhut, hazihitaji kebo na hazijali saizi ya tairi. Hata hivyo husubiri kupata satelaiti, na kwenye karakana yenye bati hazisomi kitu. Kebo ya asili ikipakwa grisi nyepesi na kupitishwa bila kona kali inafanya kazi ileile.