Zabbix kwa ripoti ya kila siku ya vifaa vilivyokuwa hewani: data safi, jedwali moja la kuogopa

Zabbix, programu ya kufuatilia hali ya vifaa vya mtandao, haidai ada ya leseni, na hifadhidata yake, iwe MySQL au PostgreSQL, unaweza kuisoma moja kwa moja. Kwa anayetakiwa kila asubuhi kuonyesha ruta na swichi zilivyokuwa jana, hapo ndipo inapojipatia alama: kweri moja (swali kwa hifadhidata), cron moja (kazi inayojiendesha kwa ratiba), faili la CSV limekwenda.

Ila chunga unasoma wapi. Kipimo cha icmpping (pingi, yaani kukiuliza kifaa kama kiko hewani) huandika 1 kifaa kikijibu na 0 kisipojibu. Thamani ghafi hukaa kwenye jedwali la history_uint, muhtasari wa kila saa hukaa kwenye trends_uint. Wengi hukimbilia la pili kwa wepesi wake, mistari 24 kwa siku badala ya 1,440 (kwa pingi ya kila dakika). Kumbe value_avg yake (safu ya wastani) ni namba kamili, desimali hukatwa. Saa yenye majibu 59 na kosa moja hupewa wastani wa 0, si 0.98. Ruta iliyoyumba dakika moja inaripotiwa imelala saa nzima, na mtoa huduma anagombezwa bure.

Kweri inayofaa kwenye MySQL:

SELECT h.name, ROUND(100*COALESCE(SUM(u.value),0)/1440,2)
FROM hosts h
JOIN items i ON i.hostid=h.hostid AND i.key_='icmpping'
LEFT JOIN history_uint u ON u.itemid=i.itemid AND u.clock>=@mwanzo AND u.clock<@mwisho
WHERE h.status=0
GROUP BY h.hostid, h.name;

LEFT JOIN si pambo. Ukiweka JOIN ya kawaida, kifaa kisicho na data kabisa kinatoweka kwenye ripoti, nacho ndicho kilichotakiwa kuonekana kwanza. Ukitumia AVG badala ya kugawa kwa 1440, dakika ambazo seva ya Zabbix yenyewe ilizimika hazihesabiwi, na asilimia inapanda kwa uongo. Ongeza safu ya COUNT(u.value) ili "hakijibu" kitofautiane na "hakikupimwa". Matengenezo yaliyopangwa nayo huhesabiwa kama kukatika, hosts.maintenance_status huonyesha hali ya sasa tu.

Safu ya clock ni sekunde za UTC (saa ya kimataifa). Seva iliyoachwa kwenye UTC itakata siku saa tisa usiku kwa saa za Afrika Mashariki, kwa hiyo kokotoa @mwanzo na @mwisho (mipaka ya siku) kwa kutaja ukanda wa saa. Usiifunge clock ndani ya FROM_UNIXTIME kwenye sharti, kwani faharasa (index) haitatumika kuchuja muda na kweri ya sekunde chache itaburuza seva nzima. Tumia akaunti ya kusoma tu, na hifadhi matokeo kwenye jedwali lako, maana housekeeper (kisafishaji cha Zabbix) hufuta historia ya zamani.

Kasoro kubwa ni mpangilio wa majedwali, ambao hubadilika bila kukungoja. Toleo la 5.4 lilihamisha safu ya available kutoka hosts kwenda interface, 7.0 likabadilisha proxy_hostid kuwa proxyid. Asiyetaka kukagua skripti kila anapopandisha toleo atumie history.get ya API (njia ya programu kuiomba Zabbix data bila kugusa majedwali), hata kama ni polepole zaidi.