Gari la pili la kuendesha na kuchokonoa: nimeanza na Suzuki, Subaru nimeiweka mwisho

Gari la kwanza kila mtu analijua: IST, Vitz, au Noah kama watoto wameongezeka. Linawaka asubuhi, linakupeleka kazini, linakurudisha. Gari la pili ni habari nyingine. Hilo unalinunua ukijua litakusumbua, na nusu ya raha iko kwenye huo usumbufu. Cha kujiuliza ni kama utaweza kuumaliza mwenyewe, kwa spana zako, kati ya Jumamosi asubuhi na adhana ya magharibi. Kama huwezi, umenunua pambo la uani, na kuku watataga ndani yake.

Haya matano nimeyapanga kwa kipimo hicho. Mbio na sifa za kijiweni nimeziweka pembeni. Mimi ni mtu wa Dar, kwa hiyo soko ninaloliongelea ni la huku.

Tuanze na pesa. Kama umeweka milioni tisa, tafuta gari la sita. Hizo tatu zinazobaki zina wenyewe tayari: matairi, betri, shokapu, bushi, na kile ambacho muuzaji "alisahau" kukuambia. Kuagiza gari kuukuu kutoka Japani kwa ajili ya mchezo huu sikushauri, maana ushuru wa uchakavu utakuumiza. Kenya ndiyo hawana hata hiyo njia, kwani gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingia. Tafuta lililopo mitaani, namba A hadi C, lenye mmiliki aliyelichoka.

1. Suzuki Samurai, na mdogo wake Jimny

Fungua boneti ya Samurai, kijeepu chenye injini ya lita 1.3, na utaona ardhi chini. Kabureta iko juu, plagi unazifikia bila kujikunja, distribyuta iko mahali pa wazi. Ina fremu ya chuma, ekseli nzima mbele na nyuma, na springi za vyuma bapa kama za lori dogo. Wahindi waliiunda kwa jina la Maruti Gypsy, kwa hiyo ukisikia mtu anaita "Maruti" ujue ni ukoo huohuo.

Yangu ilikuwa inazima kila nikisimama kwenye taa. Fundi akasema pampu ya mafuta, nikanunua pampu. Ikaendelea kuzima. Jumamosi moja, mama watoto akiwa Tanga, nikaifungua kabureta juu ya meza ya jikoni, ndani ya sinia la pilau ili nati zisipotee. Kile kijitundu kinachopitisha petroli wakati mguu haupo kwenye pedeli kilikuwa na punje ya uchafu ndogo kuliko kichwa cha sisimizi. Nikaipuliza kwa mdomo na kuonja petroli mpaka usiku. Haijazima tena. Sinia lilioshwa mara nne na bado lilijulikana.

Jimny ya cc 660 yenye turbo (JB23) ni ya kisasa zaidi. Ina koili springi, na injini yake inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Nguvu farasi 64 zinasikika chache, lakini gari lenyewe lina uzito wa tani moja hivi, na kwenye matope ya Kisarawe linapita pale ambapo magari ya bei mara tano yanasubiri kuvutwa. Oili yake usiichezee. Turbo inakufa kwa oili chafu. Nyingi zina ugonjwa wa usukani kutetemeka kwa nguvu ukifika kilomita sitini au sabini kwa saa, mara nyingi kwa sababu ya bushi za mbele, beringi za kingpini, au tairi zisizobalansiwa. Unatibika, ila utumie kupunguzia bei. Omba uendeshe barabara ya lami mpaka mwendo huo, usikubali kuzungushwa mtaani tu.

Ubaya wake? Barabara ya Morogoro. Lori likikupita, upepo wake unakusogeza kama mtu anayekupisha kwenye korido. Kama mpango wako ni safari ndefu kila mwisho wa wiki, tafuta Jimny ya 1.3 au nenda namba mbili.

2. Toyota Altezza, gia za mkono

Najua watu wanavyoliona: gari la vijana, muziki mkubwa, taa za bluu chini. Achana nao. Altezza ilitoka 1998, injini mbele, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma, na usukani wake unakueleza kinachoendelea barabarani kuliko Toyota nyingi za rika lake. Ughaibuni liliuzwa kwa jina la Lexus IS.

Ziko mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE ya silinda nne, nguvu farasi 210 ikiwa na gia za mkono, ila hizo unazipata ukiizungusha injini juu kabisa, kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, nguvu farasi 160, tulivu, na tamu kusikiliza. Vijana watakwambia RS. Mimi nakwambia AS, kwa sababu moja tu ya Gerezani, kwenye maduka ya spea: 1G-FE ndiyo injini iliyomo kwenye Mark II GX100 na GX110, na humo mjini GX zimejaa. Gasketi, pampu ya maji, sensa, koili za plagi, unavipata siku hiyohiyo, vipya au vya gari lililokatwa. Ukihitaji kifaa cha 3S-GE ya Altezza, duka la kwanza watakwambia subiri, la pili watakwambia agiza, la tatu watakupa cha RAV4 wakikuapia kuwa kinaingia.

Mkanda wa taimingi badilisha kila kilomita laki moja, na kama muuzaji hana risiti, hesabu kuwa haujawahi kubadilishwa. Angalia boli jointi za chini za mbele: piga jeki, shika tairi juu na chini, litikise. Likicheza, hapo pana kazi. Kisha chungulia springi. Kuna watu hukata mzunguko mmoja wa springi kwa grinda ili gari lishuke. Hilo usilinunue hata kwa zawadi, maana aliyekata springi amekata na vingine ambavyo huvioni.

Otomatiki ni nyingi na ni rahisi zaidi, na fundi yeyote atakwambia kubadilisha gia si kazi. Ni kazi. Unahitaji gia boksi, klachi na pedeli zake, propela shafti inayolingana, na mtu wa kusawazisha nyaya. Nimeona gari likilala juu ya mawe miezi saba likisubiri pedeli ya klachi. Tafuta lililotoka kiwandani na gia za mkono, hata kama itakubidi ulifuate Mbeya.

3. Corolla DX

KE70, ile ya pembe nne iliyoanza kutengenezwa 1979. Magurudumu ya nyuma yanasukuma, kabureta ni moja, na injini ya 4K ni nyepesi kuielewa kiasi kwamba unaweza kumfundishia mtoto wa darasa la saba. Wakenya wanaipenda kuliko sisi, na wengi wameijengea mashindano ya mchangani. Ingekuwa namba moja kama si kutu. Bodi nzuri zimekwisha. Zilizobaki nyingi ni putty, ule udongo wa kuzibia bodi, iliyopakwa rangi. Ukipata moja Dodoma au Singida iliyokaa na mzee mmoja maisha yake yote, acha kusoma hapa, kapande basi.

4. Land Rover 109

Hapa najua nitagombana na watu wa Arusha, ambao Oktoba 2024 walifanya tamasha zima la Land Rover na kuzipanga barabarani mpaka mtu akachoka kuhesabu. Nalipenda gari hili. Nimejifunzia udereva kwenye 109 ya mjomba, Moshi, nikiwa nimekalia mto ili nione mbele. Lakini nimeliweka la nne kwa sababu ya uzito wake, na kwa sababu ya spana.

Spana zako za Toyota, namba kumi, kumi na mbili, kumi na nne, hazilijui. Land Rover za zamani hutumia nati za inchi: nusu inchi, saba kwa kumi na sita, tisa kwa kumi na sita. Spana kumi na tatu inaonekana kama inaingia kwenye nusu inchi, inazunguka mara moja, ya pili inailamba nati kona zote, na hapo Jumamosi yako imekwisha. Nunua seti ya inchi kabla ya kununua gari.

Gia boksi linatolewa kwa kupitia ndani, baada ya kung'oa sakafu, na hilo halitoki kwa mtu mmoja. Alika shemeji watatu na upike. Bodi ni ya aluminiamu, kwa hiyo macho yatadanganyika kuwa gari ni zima. Lala chini, gonga fremu kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima kinalia. Kilicholiwa kinatoa sauti ya boksi la karatasi.

5. Subaru Impreza WRX

Ndiyo, nimeiweka mwisho. Safari Rally ya 1997 Colin McRae aliishinda kwa Impreza, na tangu hapo ukienda Nairobi hutamaliza mtaa mmoja bila kusikia mlio ule. Kuendesha, hakuna kwenye orodha hii linaloikaribia. Shida ni kuichokonoa. Injini imelala pande mbili, plagi zimebanwa na kuta za bodi, mikono yangu mipana inatoka damu. Turbo na oili vikisahaulika, beringi za krenki zinaanza kugonga, na ukisikia mlio huo injini imenoki. WRX za mkononi nyingi zilishapita kwa mtu aliyezikanyaga zikiwa baridi. Ukiwa na fundi wa Subaru jirani yako, mtu unayemwamini, ipandishe hadi namba tatu. Mimi sina.

Volkswagen ya mgongo wa duara sijaipanga kwa kuwa sijawahi kumiliki. Haina rejeta, na injini inashikwa na boliti nne tu. Ila bei wanazoitisha siku hizi ni za watu wa kupiga picha za harusi.

Siku ya kwenda kuliona

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha fika mapema kuliko mlivyokubaliana na uguse boneti. Likiwa na joto, kuna kitu alikuwa anakificha. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa na uipitishe kwenye bodi juu ya matairi na chini ya milango; isiponata, hapo pana putty. Sumaku haina kazi kwenye Land Rover, bila shaka. Nyanyua kapeti, hasa kwa magari yaliyokaa Tanga, Unguja au Kigamboni, chumvi inaanzia chini. Fungua kifuniko cha oili: ukikuta rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia kwenye oili, shukuru na uondoke. Moshi wa bluu unaoendelea baada ya dakika chache ni oili inayoungua.

Kisha kadi. Namba ya chesisi na ya injini lazima zifanane na zilizoandikwa, na kwa magari haya injini nyingi zimebadilishwa bila kuripotiwa. Mwambie muuzaji arekebishe kwanza, kwa jina lake, ndipo mwende TRA kuhamisha umiliki. Angalia pia faini za trafiki kwa namba ya gari, maana zinalifuata gari. Afadhali ada ya mwaka ya leseni ya barabara ilifutwa 2017. Zamani gari lililokaa juu ya mawe lilikuwa linakula deni kila mwaka huku wewe ukitafuta pedeli ya klachi.