Uzoefu wangu: taa za T5 zenye kiakisi kwa kila tyubu ndani ya kofia ya tangi la matumbawe

Kwa zaidi ya mwaka mmoja sasa nimekuwa nikitumia seti ya taa sita za tyubu za T5 (floresenti nyembamba), kila tyubu ikiwa na kiakisi mwanga chake, ndani ya kofia ya mbao iliyofungwa juu ya tangi langu la maji chumvi. Katika muda huo nimeshawishika kwamba ndani ya kofia iliyofungwa, umbo na ubora wa kiakisi huamua kiasi cha mwanga unaoyafikia matumbawe kuliko wati zinazotangazwa kwenye boksi la taa. Tangi lina urefu wa sentimita 120, na upana na kina cha sentimita 60 kila kimoja. Juu ya miamba nimeweka Acropora na Montipora, matumbawe magumu yanayohitaji mwanga mkali, na chini karibu na mchanga kuna matumbawe laini ambayo mwanga huohuo ungeyaumiza. Mapitio haya ni ya mtu mwenye tangi la namna hiyo, na mwenye tangi la kina kifupi lenye matumbawe laini peke yake huenda asihitaji nusu ya haya ninayoyaeleza.

Kabla ya kununua nililinganisha aina tatu za taa. Taa za metali halaidi ndizo zinazotoa ule mmeto wa mawimbi yanayocheza juu ya mchanga, kwa kuwa mwanga wake hutoka katika nukta moja ndogo, na kwa macho yangu hakuna taa nyingine iliyowahi kuzishinda kwa uzuri huo. Hata hivyo, taa mbili za wati 250 ndani ya sanduku la mbao ni tanuri. Zinahitaji nafasi kubwa kati ya taa na maji, na zile zenye ncha mbili lazima ziwekewe kioo cha kuzuia miale ya urujuanimno, la sivyo zitayaunguza matumbawe. Nilizikataa kwa sababu ya joto tu. Taa za LED nazo zina sifa nyingi, lakini ndani ya kofia hazipati kimo cha kutosha cha kutawanya mwanga. Taa ikikaa karibu na maji, lenzi zake hutengeneza duara kali katikati na giza pembeni, na Acropora iliyotanda matawi hupata mwanga juu huku upande wake wa chini ukipauka na kufa taratibu kwa kukaa kivulini. Tyubu ndefu inayotoka ukingo mmoja wa tangi hadi mwingine haina tatizo hilo, kwani kila tawi huangazwa kutoka pande nyingi kwa wakati mmoja.

Tatizo la tyubu ni kwamba inaangaza pande zote. Chini ya nusu ya mwanga wake ndiyo inayoelekea moja kwa moja majini. Unaobaki huenda juu na pembeni, na hapo ndipo kiakisi kinapohitajika. Wapo wanaopaka rangi nyeupe ndani ya kofia na kuridhika, na ni kweli kwamba rangi nyeupe nzuri huakisi zaidi ya asilimia 80 ya mwanga unaoifikia. Asilimia hiyo lakini hudanganya, kwa sababu rangi huutawanya mwanga kila upande, hivyo sehemu kubwa hugonga kuta za kofia, hutoka nje kupitia vioo vya tangi, au huirudia tyubu yenyewe na kuishia hapo. Alumini iliyong'arishwa vizuri huurudisha mwanga kwa pembe inayotabirika, na kwa hiyo anayeikunja kwa umbo sahihi anaweza kuuelekeza anakotaka. Alumini ya daraja la juu, kama ile ya MIRO inayotengenezwa na kampuni ya Alanod ya Ujerumani, huakisi takriban asilimia 95. Chuma cha pua, ambacho baadhi ya watu hukitumia kwa kuwa hakishiki kutu upesi, kiko chini sana, na karatasi ya alumini ya jikoni hujikunja na kupasuka na haifai hata kujaribiwa karibu na nyaya za umeme.

Umbo nalo lina maana sawa na madini. Viakisi nilivyonunua vimekunjwa hivi kwamba ukivitazama kutoka ncha vinafanana na herufi M: mabawa mawili yanashuka pembeni, na katikati kuna mkunjo unaoielekea tyubu kwa juu. Mkunjo huo huuchukua mwanga unaopanda na kuusukuma pembeni, kisha mabawa yanauteremsha majini, badala ya kuurudisha kwenye tyubu. Wembamba wa T5 unasaidia hapa. Tyubu hii ina kipenyo cha milimita 16, ilhali T8 ina 26 na T12 ya zamani ina 38, na kadiri tyubu inavyokuwa nene ndivyo inavyoziba njia ya mwanga wake wenyewe unaorudi. Ndiyo maana bapa moja pana la alumini lililowekwa juu ya tyubu sita zilizobanana halilingani na viakisi sita, hata kama madini ni yaleyale, kwa kuwa kila tyubu huwa kikwazo kwa jirani yake.

Niliazima kipima PAR, yaani kifaa kinachopima miale ya kati ya nanomita 400 na 700 inayotumika katika usanisinuru, nikapima kwanza tyubu zikitegemea rangi nyeupe ya kofia peke yake, kisha nikafunga viakisi na kupima tena mahali palepale. Usomaji kwenye mchanga ulikaribia kuongezeka maradufu. Juu ya miamba sasa napata zaidi ya 300 (kwa mikromoli kwa mita ya mraba kwa sekunde), na mchangani kiasi cha 120, viwango vinavyokaa vizuri na mgawanyo wa matumbawe yangu: yale magumu yenye polipu ndogo (viumbe vidogo vinavyojenga tumbawe), kama Acropora na Montipora, hupenda kati ya 200 na 400, na yaliyo laini huridhika na 50 hadi 100 na kidogo zaidi. Sikuongeza wati hata moja kupata tofauti hiyo.

Jambo ambalo muuzaji hatakueleza ni vipimo vya kofia. Tyubu ya T5 ya wati 54 ina urefu wa milimita 1149 bila pini zake, na ukiongeza pini pamoja na holda (soketi za kushikia ncha za tyubu) zinazokinga maji unazidi milimita 1163 kwa mbali. Kofia ya plaiwudi ya milimita 18 iliyotengenezwa kwa urefu uleule wa tangi la sentimita 120 hubaki na nafasi ya ndani ya milimita 1164 tu, na hapo holda hazina pa kukaa. Fundi wangu aliifanya kofia iwe ndefu kuliko tangi, ikining'inia kidogo nje ya ukingo kila upande, na ikaonekana ya kupendeza zaidi pia. Kwa upana hakuna shida, kwani viakisi sita vyenye sentimita sita hadi saba kila kimoja vinaingia katika sentimita 60 na kuacha nafasi ya kupenyeza mkono wakati wa kulisha samaki. Balasti, yaani vifaa vinavyodhibiti umeme wa tyubu, nimeziweka nje kabisa, ndani ya kabati la chini, mbali na unyevu na joto, na umeme wote unapitia swichi inayojikata mkondo unapovuja; juu ya maji chumvi sioni sababu ya mtu kubahatisha katika hilo.

Kuhusu joto, T5 zina tabia ambayo wengi hawaitarajii: hutoa mwanga wao wa juu kabisa hewa inayozizunguka ikiwa na takriban nyuzi 35 za Selsiasi, na chini au juu ya hapo zinafifia. Kofia iliyofungwa kabisa huvuka kiwango hicho upesi. Feni mbili ndogo zilizofungwa nyuma, zikivuta hewa ya moto kuitoa nje badala ya kuipuliza moja kwa moja juu ya tyubu, zimetosha. Tyubu zote nimezielekeza maandishi yake upande mmoja, maana sehemu yake ya baridi, inayotawala mgandamizo wa mvuke wa zebaki ndani, iko kwenye ncha hiyo. Feni zina gharama yake pia: maji hukauka haraka zaidi huku chumvi ikibaki, hivyo kifaa cha kujazia maji yasiyo na chumvi kimekuwa cha lazima.

Matumbawe niliyazoesha taratibu. Wakati nafunga viakisi nilitandika tabaka za wavu mwembamba chini ya taa na kuondoa moja baada ya nyingine katika wiki zilizofuata, kwa sababu tumbawe linalopigwa ghafla na mwanga mkali huwafukuza mwani wanaoishi ndani ya tishu zake na kulilisha, kisha linapauka. Acropora ya buluu ilififia kidogo mwanzoni, halafu ikarudisha rangi na kuanza kutoa ncha mpya. Matokeo hayo ndiyo yaliyonifanya niipe seti hii alama za juu, hata kama kwa uzuri wa kutazama nimelazimika kuongeza utepe mmoja wa LED za buluu kati ya viakisi, kwa ajili ya alfajiri, machweo na angalau kivuli cha ule mmeto wa halaidi. Kati ya tyubu sita, nne ni za buluu na mbili ni nyeupe zaidi; mchanganyiko huo unanipendeza, ingawa kuna wanaotaka tangi lao lionekane la zambarau kabisa.

Malalamiko yangu ni matatu. Holda zilizokuja na seti zina mpira mgumu ambao huanza kupasuka kwa chumvi, na nimekwisha kubadilisha mbili. Uso wa viakisi ni laini mno: alama za vidole hubaki, chumvi ikikauka juu yake hula mwanga bila mtu kutambua, na kuusugua kwa kitu chochote kikavu ni kuuharibu. Ninavifuta mara kwa mara kwa kitambaa laini kilicholowa maji yaliyochujwa, taa zikiwa zimezimwa na kupoa. La tatu, ambalo si kosa la aliyeviuza, ni kwamba tyubu hufifia na rangi yake kubadilika kabla hazijaungua, hivyo zinahitaji kubadilishwa kila baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili, wakati ambapo kuzipata kunazidi kuwa kugumu. Umoja wa Ulaya ulikomesha uingizaji sokoni wa tyubu za kawaida za T5 na T8 mnamo Agosti 2023 kwa sababu ya zebaki iliyomo, na watengenezaji wengi wamehamia LED.

Kwa sababu hiyo, anayeanza leo na ambaye anaweza kuning'iniza taa juu ya tangi lisilo na kofia ningemshauri aziangalie LED kwanza. Mwenye kofia iliyofungwa, tangi lenye kina cha kati na matumbawe yenye matawi bado hatapata mwanga ulioenea kwa usawa kama huu. Anunue viakisi bora kabla ya kuongeza tyubu, aweke akiba ya tyubu za angalau mzunguko mmoja, na wakati wa kubadilisha aanze na moja au mbili, aache wiki mbili zipite, ndipo aendelee na zinazofuata.