DualSPHysics: nimeipima kwa boza la maji

Mteja alirudisha boza lake la lita 10,000 kwenye karakana yetu hapa Jomvu. Mabamba ya ndani, yale ya kukata mawimbi, yalikuwa yameachia kwenye mshono wa kuchomelea. Dereva akaniambia, "Injinia, tangi likijaa halina taabu. Likiwa nusu, nikishika breki maji yanakuja kunisukuma."

Kwa hesabu za chuma natumia programu za wavu, zinazogawa umbo katika vipande vidogo vilivyoshikana, na sina lalamiko. Lakini maji yakipanda ukuta, yakavunjika na kurudi, wavu unaoyafuata hujikunja mpaka hesabu inakatika. DualSPHysics, programu ya kuiga mwendo wa maji kwenye kompyuta, haina wavu. Maji ni chembe, kila moja na uzito, kasi na shinikizo lake, ikisukumana na jirani zake wa karibu tu. Mbinu hii, SPH, ilibuniwa mwaka 1977 kwa ajili ya hesabu za nyota. Programu yenyewe ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Wameitengeneza watu wa vyuo kadhaa, vikiwemo Vigo cha Uhispania na Manchester cha Uingereza.

Nilijaza tangi nusu kwa chembe za sentimita 4, kama 78,000 hivi. Nusu saa, kazi imekwisha. Nikashuka hadi sentimita 2: chembe 625,000, na laptopu ikakesha. Ukipunguza upana kwa nusu, chembe huongezeka mara nane, na hatua za muda ambazo kompyuta inahesabu nazo hufupika, kwa hiyo huwa nyingi zaidi. Bila kadi ya michoro (GPU) ya NVIDIA, usijaribu ukubwa huo.

Lakini nilichokiona asubuhi kilinilipa usiku wote. Wimbi halikupiga katikati ya bamba kama nilivyodhani miaka yote. Lilipanda na kugonga pembe ya juu, pale pale mshono ulipoachia. Tumekata nafasi ya maji kupita kwenye pembe hizo na kuongeza mbavu nyuma ya bamba.

Angalizo moja kubwa: mipaka yake ya kawaida, yaani namna programu inavyoweka kuta za tangi, huacha mwanya kati ya maji na ukuta, na shinikizo pale hurukaruka. Chagua ile iliyorekebishwa, mDBC, kisha chukua wastani wa shinikizo la eneo zima, usiamini chembe moja. Nguvu unayoipata hapo ipeleke kwenye programu ya wavu ikupimie chuma.

Anayeogopa kuandika faili za XML, zile za maagizo ya programu, aanzie DesignSPHysics, nyongeza inayofanya kazi ndani ya FreeCAD, programu ya bure ya kuchora maumbo. Mimi nilianzia hapo.