Makopo mawili ya mitishamba kwa wanandoa: tathmini baada ya majuma manane

Mimi na mke wangu tulinunua virutubisho vya mitishamba vinavyouzwa kwa jozi: kopo la kiume lenye kapsuli 60 za rangi ya udongo, na kopo la kike lenye kapsuli idadi hiyohiyo za rangi ya maziwa, yote mawili kutoka kampuni moja ambayo sitaitaja. Nina umri wa miaka 52 na huu ni mwaka wangu wa sita wa kutumia dawa ya shinikizo la damu. Mke wangu amefikia ukomo wa hedhi miaka miwili iliyopita. Kwa upande wangu tatizo lilikuwa uume kulegea katikati ya tendo, na kwa upande wake lilikuwa hamu iliyopotea pamoja na maumivu yanayotokana na ukavu. Ninaandika kwa idhini yake, na aya zinazomhusu amezisoma na kuzirekebisha mwenyewe.

Nianze na kopo langu, kwa kuwa ndilo lililonitia hofu. Lebo yake inataja ginseng, maca, mbigili, epimediamu na gome la mti wa yohimbe, lakini mimea yote mitano imewekwa chini ya maneno "mchanganyiko maalumu, miligramu 1,200", bila kueleza kila mmoja umetiwa kiasi gani. Kasoro hii si ndogo. Miligramu 1,200 zinaweza kuwa karibu zote ni maca, ambayo ni kiazi kisicho na madhara makubwa kinacholimwa katika milima ya Andes nchini Peru, au sehemu yake kubwa ikawa gome la yohimbe, ambalo lina kemikali inayopandisha shinikizo la damu, kuuendesha moyo mbio na kumkosesha mtu usingizi. Mtu mwenye shinikizo kama mimi alistahili kuonywa kuhusu gome hilo kwa herufi kubwa, lakini nililigeuza kopo pande zote nisione onyo lolote isipokuwa "weka mbali na watoto".

Maelekezo yalikuwa kumeza kapsuli mbili saa moja kabla ya tendo. Usiku wa kwanza, baada ya kama dakika arobaini, nilihisi uso umepata joto, pua ikaziba, kichwa kikaanza kugonga kwenye kipaji cha uso, na shuka jeupe nililokuwa nalitazama likaonekana lina kivuli cha bluu. Uume ulisimama kama nilipokuwa kijana na haukulegea. Sitaficha kwamba nilifurahi, na nilirudia juma lililofuata nikapata matokeo yaleyale, pamoja na bluu ileile. Nilipokuwa nakaribia kumeza kwa mara ya tatu ndipo nilipojiuliza ni mmea gani katika ile mitano unaoweza kufanya kazi hiyo kwa dakika arobaini.

Jibu nililolipata kwa kusoma ni kwamba hakuna. Ginseng ndiyo iliyochunguzwa zaidi, na mapitio ya mwaka 2021 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopitia ushahidi wa tiba, yaliyojumlisha majaribio kadhaa, yalihitimisha kwamba nafuu yake katika kusimama kwa uume, ikilinganishwa na plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani yake, ni ndogo mno. Maca ilipojaribiwa ilitumiwa kila siku kwa majuma mengi, si saa moja kabla. Mbigili husifiwa kwamba huongeza testosteroni, yaani homoni ya kiume, lakini majaribio mengi kwa wanaume hayakuonyesha ongezeko hilo. Epimediamu inayo kemikali iitwayo ikariini, ambayo katika maabara huzuia kimeng'enya kilekile kinachozuiwa na sildenafili, yaani dawa iliyomo ndani ya Viagra, ila kwa nguvu iliyo hafifu sana kuilinganisha nayo. Yohimbe ingenipa mapigo ya moyo na wasiwasi, wala si kivuli cha bluu.

Nilikwenda duka la dawa nikiwa na kopo mfukoni. Mfamasia, mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa, alinisikiliza nikitaja joto la uso, pua iliyoziba na rangi ya bluu, kisha hakuniuliza kuhusu kopo hata kidogo. Aliuliza: "Samahani baba, kuna dawa ya moyo unayotumia, ile ya kuweka chini ya ulimi?" Nilipokataa alishusha pumzi, akanieleza kwamba dalili nilizozitaja ni za sildenafili jinsi zinavyofundishwa darasani, na kwamba mtu anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti akichanganya na sildenafili, shinikizo lake linaweza kushuka ghafla hadi akafa. Sikulipima kopo maabara, kwa hiyo ninachoandika hapa ni shaka yangu na si hukumu. Hata hivyo shaka hiyo ina msingi: uchambuzi uliochapishwa mwaka 2018, uliopitia maonyo ya mamlaka ya dawa ya Marekani kati ya mwaka 2007 na 2016, ulihesabu virutubisho 776 vilivyofichwa dawa ndani yake, na 353 kati ya hivyo vilikuwa vya kuongeza nguvu za tendo la ndoa, sildenafili ikiwa ndiyo iliyokutwa humo mara nyingi zaidi. Kama ningetaka sildenafili ningeandikiwa na daktari, kwa kipimo kinachojulikana na akijua dawa nyingine ninazomeza.

Kwa daktari nilikwenda mwishowe, naye alinipima sukari na mafuta ya damu kabla ya kuzungumzia vidonge vya aina yoyote. Sababu yake ni rahisi kuielewa: mishipa ya damu ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inapoanza kuziba, kulegea kwa uume huweza kutangulia maumivu ya kifua kwa miaka kadhaa. Sukari yangu ilikutwa imepanda. Kapsuli za rangi ya udongo zingenifichia jambo hilo vizuri kabisa.

Kopo la mke wangu ni habari nyingine, na inashangaza kwamba limetoka kiwanda kimoja na langu. Lebo yake haijigambi. Inasema wazi kuwa katika kipimo cha siku mna dondoo ya uwatu miligramu 600, ashwagandha miligramu 600 na zafarani miligramu 30, inataka kapsuli zitumiwe kila siku pamoja na chakula, inaonya kwamba matokeo yasitarajiwe kabla ya majuma manne, na inawakataza wajawazito pamoja na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda au za tezi ya shingo. Vipimo hivyo havikubuniwa: uwatu na ashwagandha vilijaribiwa kwa wanawake kwa kiasi hichohicho katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2015, na zafarani ilijaribiwa kwa wanawake waliopata matatizo ya tendo kwa sababu ya dawa ya sonona. Yote yalikuwa majaribio madogo, lile la uwatu likiwa na wanawake 80 tu ambao bado walikuwa wanapata hedhi, kwa hiyo hayamjibu moja kwa moja mwanamke wa umri wa mke wangu.

Majuma matatu ya kwanza hakuona lolote isipokuwa jasho lake kunukia uwatu, hata foronya zikawa zinanuka, jambo ambalo lebo ingepaswa kulitaja. Kufikia juma la sita alisema usingizi umekuwa mzito na hamu inapita mara mojamoja, "kama mgeni anayebisha hodi bila kuingia". Kabla ya kuanza alikuwa amejaza dodoso la maswali 19 linalotumiwa na watafiti kupima afya ya tendo kwa wanawake, akalijaza tena mwishoni na kuyaweka makaratasi mawili ubavu kwa ubavu mezani. Alama za hamu zilikuwa zimepanda kidogo; alama za maumivu hazikusogea hata moja. Yeye mwenyewe anakiri kwamba kupanda huko huenda kumetokana na sisi kuanza kulizungumza jambo hili waziwazi, maana hata wanaopewa plasebo katika majaribio ya namna hii hupata nafuu ya kuonekana. Ukavu ulitulizwa baadaye na mafuta maalumu ya kulainisha pamoja na krimu ya estrojeni, yaani homoni ya kike, aliyoandikiwa na daktari wake, na ni baada ya maumivu kupungua ndipo yule mgeni alipoanza kuingia ndani.

Kwa hiyo kopo la kike ninalipa nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo zikiwa za lebo yake. La kiume silipi hata moja. Nilimwandikia muuzaji kueleza kilichonipata, nikamwomba cheti cha maabara cha toleo nililonunua. Alijibu siku hiyohiyo kwa adabu kubwa kwamba bidhaa zao ni za asili asilimia mia moja, na kwamba nikiagiza makopo matatu ya kiume kwa mpigo nitapunguziwa bei.