Nyimbo za Kijapani za Hatsune Miku na wenzake: uzoefu wangu na ninazozipendekeza

Mtu akiniuliza aanzie wapi na nyimbo za Vocaloid, yaani zinazoimbwa na programu za kompyuta, simpi Hatsune Miku kwanza, ingawa ndiye maarufu kuliko wote. Nampa "Just Be Friends" ya Dixie Flatline, ya mwaka 2009, iliyoimbwa na Megurine Luka. Sauti ya Luka imekomaa kidogo kuliko za wenzake, piano imetulia, mdundo unachezeka, na habari yenyewe ni ya wapenzi wanaoachana. Sikio lililozoea waimbaji wa kawaida halishtuki. Miku ana sauti nyembamba ya juu, na wengi wakianzia kwake huzima kabla ya kiitikio. Wanakosa mengi.

Kwa asiyewajua: hawa si watu. Miku ni programu ya kompyuta iliyotolewa na kampuni ya Crypton Future Media ya Sapporo tarehe 31 Agosti 2007, kwa teknolojia ya Yamaha. Mwigizaji wa sauti Saki Fujita alirekodiwa akitamka silabi na vipande vya sauti. Prodyuza hupanga noti kwenye skrini, huandika silabi juu ya kila noti, na programu huviunganisha vile vipande vikawa uimbaji. Nimesikia watu wakisema ni Auto-Tune kama ya Bongo Fleva. Hapana. Auto-Tune hunyoosha sauti ya mtu aliyekwisha kuimba, lakini hapa wimbo haujawahi kupita kwenye koo la mtu yeyote. Ndiyo maana mtu mmoja chumbani kwake, bila bendi wala studio, anaweza kutoa wimbo uliokamilika na kuusikilizisha ulimwengu. Ninachokipenda kwenye muziki huu kinatoka hapo: unasikia mawazo ya mtu mmoja kabla hayajapitishwa kwenye mikono ya wengi.

Wimbo ninaourudia kuliko zote ni "Rolling Girl" wa wowaka, wa mwaka 2010. Piano inagongwa kwa kasi juu ya gitaa na ngoma, haipumziki. Msichana anabiringika, anaumia, anasema mara moja tena, halafu anabiringika tena leo. Katikati kuna sauti inamuuliza kama tayari, vilevile watoto wanavyoulizana wakicheza kombolela, naye anajibu bado, bado. Kila mara anazuia pumzi. Mara ya mwisho jibu linabadilika: sasa basi, nawe umeshachoka. Halafu pumzi inazuiwa tena na wimbo unakwisha. Je, amepata mtu wa kumpumzisha, au amekata tamaa kabisa? Nimesoma tafsiri mbalimbali na bado nayumba kati ya majibu hayo mawili. Linalonigusa zaidi ni kwamba anayeimba habari za kuzuia pumzi hana pumzi hata kidogo. Mwimbaji mtu angehema mahali fulani, na huruma ingeingia kupitia kule kuhema. Miku hahemi, kwa hiyo huruma yote inabaki juu yako wewe msikilizaji. Wowaka alifariki Aprili 2019 akiwa na miaka 31, wakati huo akiongoza bendi yake ya Hitorie, na tangu hapo wimbo huu umekuwa mzito zaidi kwangu.

Zipo nyingine ambazo sitazieleza kwa kirefu. "Melt" ya ryo, Desemba 2007, ni ya msichana aliyependa na kushiriki mwavuli na mvulana wake. Kabla yake nyimbo nyingi za Miku zilimwimbia Miku mwenyewe kama programu, na hii ilimpa moyo wa binadamu wa kawaida. "Roshin Yuukai", wengine huiita "Meltdown", ni ya Kagamine Rin, mwenzake Miku, na inapanda juu mno kwenye kiitikio. Watu wengi wameijaribu, na ukiwasikiliza unaelewa kwa nini mashine ilihitajika. "Charles" ya Balloon, 2016, inaimbwa na flower, programu nyingine yenye sauti kavu isiyojua kubembeleza, na ugomvi wa kuagana unatoka vizuri zaidi kwa ukavu huo.

"Suna no Wakusei" ni habari nyingine. Ilitoka 2017, Miku akitimiza miaka 10, na aliyeitunga ni Hachi, ambaye Wajapani wengi wanamjua kwa jina lake halisi la Kenshi Yonezu. Badala ya kuleta keki na pongezi, alichora jangwa: sayari ya mchanga ambako zamani palikuwa na uhai. Wengi waliona jangwa hilo ni ulimwengu wa Vocaloid wenyewe, na mashabiki walibishana sana. Mimi naiona ni zawadi ya kweli, kwa sababu anayekwambia ukweli siku ya sherehe yako ni yule anayekujali. Mdundo wake ni mzito na wa taratibu, usikilize kwa hedifoni. Spika ya simu huumeza wote.

Kwa sisi wa Kiswahili kuna raha ya ziada. Kijapani kina irabu tano kama zetu na silabi zake nyingi huishia kwenye irabu, kwa hiyo ukipata maneno yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini unayasoma kama Kiswahili na unaimba mara moja. Kinachokushinda ni kasi tu.

Malalamiko yangu ni mawili. Programu ya muziki ninayolipia hupenda kuniletea matoleo yaliyorudiwa na waimbaji watu kabla ya wimbo wenyewe. Nakili jina la wimbo kwa maandishi ya Kijapani pamoja na jina la prodyuza, hapo utaupata wa asili. La pili ni kwa wazazi: picha ni za katuni, lakini mashairi mengi yanazungumzia uonevu shuleni, kujichukia na kutaka kufa. Someni tafsiri kabla hamjamwachia mtoto wa darasa la nne.

Ukitaka kitu cha karibuni, nenda "Mesmerizer" ya Satsuki, Aprili 2024. Miku anaimba pamoja na Kasane Teto, mwimbaji aliyebuniwa mwaka 2008 kama mzaha wa Siku ya Wajinga na mashabiki wakakataa kumwacha afe. Kwenye wimbo huu ukali wa sauti ya Teto unamfunika Miku pale wanapopokezana, na mimi husubiri sehemu hizo.