Mabaki ya vitenge ya kupima kwa kilo, Kariakoo: mazuri ila chagua mwenyewe
Kuna duka Kariakoo wanauza mabaki ya vitenge kwa kilo, mi huwa nachukua ya kutengenezea hereni, vibanio na kubandika kwenye kadi za manila. Rangi ziko vizuri sana ila jamani usikubali kufungiwa mfuko, wanachanganya na polista, na ile ukiipiga pasi ya moto inajikunja halafu gundi nyeupe haikamati vizuri. Chomoa uzi mmoja uuchome pembeni huko, pamba inabaki jivu laini, polista inayeyuka inakuwa kidonge kigumu, muuzaji atanuna lakini ndo hivyo. Vile vidogo kabisa najazia vimto vya kuchomekea pini. Bei poa, huduma bora liende, chenji wanakupa pipi.